Walio Texas: umeme wa "senti 10" umeniumiza. Nimebana matumizi, bili ikapanda!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, atakayeona napayuka anivumilie.

Mwaka jana mwezi wa sita tulihamia nyumba ya kupanga hapa Houston, upande wa kusini-magharibi. Niko duka la Waafrika nachagua unga wa sembe, dada mmoja mwenye fulana ya kampuni ya umeme (siitaji) akanisikia naongea Kiswahili kwenye simu. "Kaka, kumbe wa nyumbani! Umeme unalipa senti ngapi?" Nikamwambia ndio kwanza natafuta kampuni. Akanionyesha karatasi, maandishi makubwa: senti 10.4 kwa uniti, mkataba wa mwaka mzima, bei haipandi. Nikasaini pale pale kwenye kaunta, mfuko wa unga uko kwapani.

Joto lilipokuwa kali mambo yalikuwa safi. Septemba tulitumia uniti 1,150, tukalipa dola 134 kabla ya kodi. Oktoba hali ya hewa ikapoa. Mke wangu kakulia Tanga, kwao taa isiyo na mtu haiwaki. AC ikazimwa, madirisha yakafunguliwa, uniti zikashuka hadi 960. Nikaisubiri bili kwa hamu kama mtoto na sikukuu ya Idi. Ikaja dola 196.

Nikasema mita imekufa. Nikapiga simu, nikapigiwa muziki wa kusubirishwa mpaka chai ikapoa, kisha kijana akaniambia kwa adabu zote kwamba mwezi ule "sikustahili punguzo". Punguzo gani? Ndipo nikaenda kuisoma ile karatasi, yale maandishi ya chini.

Kumbe bei yao halisi ni senti 15. Juu yake kuna gharama ya kusafirisha umeme, kwangu kama senti 5 kwa uniti na dola 4 kila mwezi. Halafu ukifikisha uniti 1,000 wanakupunguzia dola 100. Piga hesabu: uniti 1,000 ni dola 150, jumlisha 50, jumlisha 4, toa 100, inabaki 104. Hizo ndizo senti 10.4 za yule dada. Ukiishia 999, dola 100 huzioni. Na mwenye chumba kimoja anayetumia uniti 500 analipa 75 na 25 na 4, yaani dola 104 vilevile! Mwenzake kala umeme mara mbili, bili ni ileile. Hesabu hii nimeirudia mara tatu kwenye simu nikidhani nimekosea.

Nyumbani Tanzania mwenye matumizi madogo ana nafuu yake: usivuke uniti 75 kwa mwezi, ukivuka ndipo unakiona cha moto. Huku mambo yamegeuzwa kichwa chini miguu juu. Uniti 40 tulizopungukiwa Oktoba kufika 1,000 zimenigharimu dola 92. Novemba tulitumia 610, nikalipa 126. Desemba 540, nikalipa 112. Baridi ya Houston sisi tunaimaliza kwa blanketi, na tukaadhibiwa kwa hilo.

Sheria ya hapa inailazimisha kila kampuni itoe karatasi inayoitwa EFL, yenye wastani wa bei kwa uniti 500, 1,000 na 2,000. Zote tatu zilikuwepo kwenye yangu: 20.8, 10.4 na 15.2. Iliyoandikwa kwa herufi za bango ni ya katikati tu, kwa sababu hapo ndipo mpango wao unapong'aa. Na tangu soko lifunguliwe 2002 kampuni ni utitiri, lakini nguzo na nyaya za mtaani kwetu ni za CenterPoint, uwe na kampuni hii au ile. Umeme ni uleule. Unachochagua ni nani akuandikie bili na mtego gani uwemo ndani yake.

Najua wajuaji wanakuja. "Ungesoma kwanza." Kweli, kosa langu, ila dada naye aliijua ile namba 1,000 na hakuitamka hata mara moja. "Vunja mkataba." Faini dola 150. "Chukua mpango wa usiku bure." Mchana wanajifidia, na watoto wangu hawali saa nane za usiku. Aliyekuwa na mpango wa bei ya soko, unaopanda na kushuka na bei ya jumla, Februari 2021, dhoruba ya barafu ilipopiga na bei ya jumla ikafika dola 9 kwa uniti, atawasimulia. Bunge la jimbo likaja kuipiga marufuku mipango hiyo kwa majumbani mwaka uleule. Na walio Austin na San Antonio mkae kimya, umeme wenu ni wa manispaa, hamna cha kuchagua wala cha kulaghaiwa.

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Siku 14 za mwisho naruhusiwa kuondoka bila faini, nimeshaweka alamu, maana ukijisahau wanakuhamishia bei ya mwezi kwa mwezi. Safari hii nataka bei moja iliyonyooka, isiyo na punguzo wala zawadi. Mwenye kampuni ya hivyo aseme, na aweke EFL yake hapa niione mwenyewe.

Jana nimeingia tovuti ya mita, Smart Meter Texas, kuangalia matumizi: uniti 981, na mzunguko wa bili unafungwa leo usiku. Nimewasha AC, nimewasha oveni tupu, nafua mapazia ambayo si machafu. Mama watoto amesimama mlangoni kajifunika kanga, ananiangalia tu. Sasa hivi kaenda kuzima oveni.