Alama za ususi Gredi ya 8: kikapu cha bibi, ukili uliopinda, na mtoto asiyeleta kitu

MwalimuLangoni
Assalamu alaykum walimu wenzangu. Naomba rai zenu kabla sijaingiza alama za tathmini ya shuleni. Mradi ulikuwa ususi: kila mwanafunzi asuke ukili (mkanda mrefu) wa miyaa (majani ya mkoma ya kusukia), kisha aushone uwe kikapu kidogo. Watoto watatu wanaitia dhamiri mashakani.

Wa kwanza ameleta kikapu kizuri mno, mistari ya rangi imelingana tangu kitako hadi ukingoni, ila mwenyewe hawezi kusema miyaa hiyo ilitiwa rangi lini. Ni wazi bibi yake ndiye aliyesuka. Tena ni mtoto wa dadangu.

Wa pili ana ukili mtupu wa kama shubiri mbili, umepinda na haujashonwa, lakini kila mmoja darasani alimwona akiusuka.

Wa tatu hakuleta kitu. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, huenda na ami yake miambani kutafuta pweza, na nyumbani kwao ndiyo riziki. Mama yake anaomba mtoto apewe tu "kufikia matarajio" asiachwe nyuma, na uongozi wa shule hautaki kuona pengo kwenye orodha. Nifanyeje bila kumdhulumu yeyote?

KalamuYaFaza
Waalaykum salaam mwalimu. Tazama kwanza uzito wa hiyo alama, maana wengi huiona kama karatasi ya kujaza tu. Katika hesabu ya kumpanga mtoto Gredi ya 10, KPSEA, mtihani wa kumaliza msingi Gredi ya 6, ina asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, asilimia 60. Hiyo 20 ya katikati hutoka mkononi mwa mwalimu wa darasa bila msimamizi wa nje wala askari mlangoni. Ni amana. Ukiandika 3, yaani hiyo ya kufikia matarajio, kwa kazi ambayo haipo, umetoa ushahidi wa kitu usichokiona. Na shule zinazogombewa zina nafasi za kuhesabika, kwa hiyo alama ya uongo yaweza kumsukuma nje mtoto wa vijiji vyetu vya Lamu, Kizingitini au Kiunga, ambaye mwalimu wake alikataa kujaza.

Huruma iweke kwenye muda na kwenye vifaa. Kwenye alama usiiweke.

Huyo wa pweza ratiba yake yajulikana hata kabla mwezi haujaanza. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kama siku saba baadaye ni maji mafu, miamba haikauki vizuri na ami hana haja naye sana. Siku hizo mpangie vipindi vitatu vya dakika 40 kila kimoja: cha kwanza kuchana na kulowesha miyaa, cha pili kusuka, cha tatu kushona. Miyaa itoke shuleni, usimtume akanunue. Kila kipindi kikiisha andika tarehe na alichofanya, umweleze atie sahihi. Kosa linalotokea sana ni kumwambia "lete Jumatatu". Jumatatu yenyewe ikiangukia bamvua, ahadi imekufa na wewe umebaki na pengo lile lile.

Hadi atakapofanya, kwenye daftari lako andika "hajawasilisha". Usiandike 1. Alama 1 ni hukumu kwamba alijaribu akashindwa, na hilo si kweli.

Kisha kuna jambo lisilopendeza kusemwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto yuko shuleni, na mwalimu mkuu achunguze sababu mtoto anapokosekana. Dhamiri haitosheki kwa kumpangia vipindi vya kufidia huku akiendelea kupotea kila bamvua. Peleka suala hilo kwa mwalimu mkuu kwa maandishi, uulize pia kama familia yaweza kupata msaada wa chakula au karo. Ukilinyamazia, mwakani atapotea kabisa.

BiMatondoni
Mwalimu, hilo la kikapu lina njia rahisi, ila tufahamiane kwanza kwamba mtoto kufunzwa ususi na bibi yake si udanganyifu. Huko ndiko ususi ulikokaa miaka yote hapa Matondoni na Kipungani. Kosa ni kuleta kazi ya mkono mwingine ukasema ni yako. Kwa hiyo usikipime kikapu, pima mkono wa mtoto.

Watoto wote, si huyo peke yake, wape dakika 15 darasani na miyaa iliyokwisha kuloweshwa. Waambie waanzishe ukili na wasuke urefu wa kidole cha kati. Anayejua, mwanzo wake hukaza na kingo mbili huenda sambamba. Asiyejua hukwama pale pale miyaa ya kwanza inapokwisha na inabidi kuunga mingine, kwa sababu kuunga hakuonekani kwa kutazama kikapu kilichokwisha. Lazima uwe umefanya. Kisha uliza maswali mawili matatu: kwa nini huloweshwa kabla ya kusukwa? (Mikavu hukatika ikikunjwa.) Rangi hutiwa kabla au baada ya kusuka? (Kabla. Miyaa huchemshwa na rangi, ikaanikwa, ndipo ikasukwa, ndiyo maana mistari hutoka safi.) Ukili ukipinda, sababu ni nini? (Mara nyingi miyaa haikuchanwa kwa upana mmoja, au mkono mmoja wavuta kuliko mwingine.)

Sasa huyo wako wa pili akijibu hilo la mwisho na kukuonyesha ulipoanza kupinda, ana ujuzi kuliko mwenye kikapu. Hapo kwenye kusuka na kueleza anaweza kupata 3 kwa haki, na kwenye kushona 1 au 2, kulingana na vigezo ulivyopewa vya KNEC (baraza la mitihani). Kutoshona kwake usikufiche, wala kusikuzibe macho usione alichofanya.

Mwenye kikapu usimwaibishe mbele ya wenzake. Mwite barazani, mahali pa wazi, umwambie alama yake ni ya kile alichosuka leo, kikapu kirudi nyumbani na salamu za heshima kwa bibi. Akitaka kuboresha, ana nafasi ile ile uliyompa mwenzake wa pweza.

Maalim_Malindi
Nakubaliana na Bi wa Matondoni kwa mengi, ila si kwamba mwalimu huyu ndiye wa kumpima mtoto wa dada yake. Hata ukiwa mwadilifu kiasi gani, utakosea upande mmoja: ama utamwongeza kwa mapenzi, ama utampunguza ili watu wasiseme. Hilo la pili hatulizungumzi, na walimu wengi wa miji midogo hulifanya wakidhani ndiyo haki. Damu ikiingia, toka. Mwombe mwalimu mwingine wa ususi, hata wa shule jirani ya Shela, apime kazi yake pamoja na nyingine nne tano alizochanganyiwa asijue ni ya nani. Mwalimu mkuu ajulishwe kabla, si baada.

Kwa darasa zima, toa majina. Funga kila kazi kibandiko chenye nambari, orodha ya majina akae nayo mwingine. Usimalize mtoto mmoja ndipo uende kwa wa pili. Pima kigezo kimoja kwa wote, kwa mfano kusuka, halafu changanya rundo, pima kushona. Sababu ni kwamba kazi ikikuvutia kwa rangi, jicho husamehe mshono mbovu. Ukifika mwisho, rudia tano za kwanza. Zikitofautiana na ulivyoandika mwanzo, mkono ulikuwa umechoka au umelegea, na rundo lote linahitaji kutazamwa tena.

Na adabu isiingie ndani ya alama. Mtoto mtoro, mtoto mwenye mdomo, aliyekujibu vibaya juzi: hayo yana mlango wake kwa mwalimu wa nidhamu. Ukimkata nusu alama kwa hasira, hilo ni lile lile la kumjazia kwa huruma, ila hakuna mama atakayekuja kukuomba ulirekebishe.

MwalimuLangoni
Nimeelewa, shukrani sana. Mbili bado: mama nimwambie nini, na uongozi ukisisitiza pengo lijazwe?

KalamuYaFaza
Mama mwambie tarehe, usimwambie kanuni: "Mama, vipindi vyake ni siku hizi tatu za maji mafu, miyaa iko shuleni, nakuomba ami amwache siku hizo." Akija na samaki, mwambie kwa upole awapeleke nyumbani mpaka alama zifungwe. Huyo ndiye mwenye shida, si wa kukupa wewe.

Uongozi uandikie barua fupi: jina la kazi, sababu ya kutowasilisha, tarehe za kufidia, na sahihi yako. Nakala ibaki kwako. Akisisitiza mtu kwamba ujaze, mwombe naye aandike hivyo kwa sahihi yake.

BiMatondoni
Na vipindi hivyo vifanywe kabla KNEC haijafunga mtandao wa kuingizia alama. Tazama tarehe leo, kisha tazama mwezi.