"Dada, kwetu huku ni kijani": yule bwana wa IT kanidhalilisha mbele ya wateja

Wakuu, natetemeka hadi naandika kwa kidole kimoja. Moda usihamishie uzi huu jukwaa la tehama, ndio hao hao.

Yule bwana wa mifumo pale kwetu mnamjua, simtaji. Yule wa beji shingoni hata akienda kuoga. Leo alfajiri sokoni Mwaloni Kirumba, Mwanza, magunia ya dagaa yamepangwa, lori la Kongo linaunguruma, risiti haitoki. Ukibonyeza lipa, kiduara kinazunguka mpaka mteja anaota mvi. Foleni ikafika Bukoba. Namwita. Anakuja na laputopu, anaigeuza mbele ya wateja WANGU: "Dada, kwetu huku ni kijani."

Kijani! Eti kwenye skrini yake kila kitu kizima: seva inaitika, diski ina nafasi. Malipo hata moja hayajapita tangu saa 11! Nikamwambia weka muamala wa majaribio kila dakika 5, ukigoma kengele ilie. Akacheka. Eti mkataba ni mfumo uwe hewani asilimia 99.9 ya muda. Kwa mwaka hiyo inamruhusu kulala jumla ya saa 8 na dakika 45, na zote anazilalia alfajiri soko likichangamka! "Kwetu huku ni kijani." Mbele ya wateja!! Mama mmoja wa Ukerewe akaniuliza, "Kwani hiyo kijani ndiyo risiti?"

SatoMkavu: Povu la asubuhi. Nimekaa hapa na karanga zangu.

Fundi_Nyakato: Dada punguza munkari. Tunapima tulichoambiwa tupime. Nani huko mauzo aliwahi kutuambia soko linachangamka saa ngapi?

Mleta uzi: Wewe ndiye YEYE?

Fundi_Nyakato: Mimi niko kwingine. Kwetu kengele za seva zililia usiku kucha, tukazizima.

MzeeWaKamanga: Mkazizima 😂😂 Nchi tamu hii.

BintiIgoma: Afadhali wewe umeonyeshwa kijani. Jana konda kanidhulumu chenji, eti "nitakupa kesho, sista".

SatoMkavu: Konda kitu gani. Kuna mama ntilie Makoroboi kaniuzia sato elfu nane, kufunua sahani, kichwa. KICHWA kitupu.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye kijani.

BintiIgoma: @SatoMkavu kichwa ndiyo penyewe, hujui kula wewe.

MzeeWaKamanga: Tena kwa ugali wa udaga. Ni mama yupi huyo, yule wa karibu na ngazi?