Mjadala: Ukristo makumi saba, Uislamu namba moja. Maktaba zetu zibadilishe?

Mleta mada: Wakuu, tulijadili hili bila kutukanana. Maktaba nyingi za umma huku kwetu hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, unaoipa kila mada namba yake, na humo dini ni 200 hadi 299. Sasa tazameni mgawo. 220 ni Biblia, na 230 mpaka 280 ni Ukristo mtupu: teolojia, ibada, uchungaji, historia ya kanisa, madhehebu. Dini nyingine zote za dunia zinabanana kwenye 290. Uhindu na Ubudha wako pamoja 294, Uyahudi 296, Uislamu 297. Dini za jadi za Waafrika ziko 299.6, karibu na mkia.

Najua chanzo. Melvil Dewey alitoa mfumo wake mwaka 1876 akiwa Amherst, chuo cha Massachusetts kilichoanzishwa 1821 hasa kwa ajili ya kuandaa vijana wa kazi ya uchungaji. Alipanga vitabu alivyovikuta, hakuna ajabu. Ajabu ni maktaba ya Lamu au Unguja, ambako wasomaji wengi ni Waislamu, kuendelea na mgawo huo huo. Biblia inatosheka na 220, Qurani inaanzia 297.122, na ukishuka kwenye tafsiri na maelezo ya sura moja moja desimali zinarefuka hadi hazienei kwenye mgongo wa kitabu. Mimi nasema mwambao Uislamu upewe nafasi ya mbele. Wakutubi mnasemaje?

Mkutubi: Mkuu, ruhusa hiyo mbona ipo ndani ya Dewey yenyewe! Maktaba inaweza kuipa dini inayoitaka namba za mbele, Ukristo ukahamia 298, namba iliyoachwa wazi makusudi. Indonesia wamechukua njia nyingine: maktaba nyingi za Kiislamu kule hutumia 2X kwa Uislamu badala ya 297, kwa hiyo Qurani ni 2X1 na Hadithi 2X2.

Kikwazo ni kazi. Sisi hatuainishi kila kitabu kuanzia sifuri, tunanakili namba kwenye katalogi za nje au zile zilizochapwa nyuma ya ukurasa wa jina. Ukijitenga, kila kitabu kipya cha dini unakihangaikia mwenyewe, na vya zamani unabandua lebo kimoja kimoja huku ukisahihisha katalogi. Nani ataifanya, maktaba yenye mkutubi mmoja na kijana wa kujitolea? Na ya nini? Msomaji anatafuta kwenye kompyuta, anaandika namba, anaifuata rafuni. Hajali inaanza na ngapi.

Mleta mada: Kompyuta ya maktaba ipi, mkuu? Shule zetu za kata mtoto anazunguka rafuni kwa macho yake. Anachokiona kimejaa ndicho anachodhani ni kikubwa.

Wakili wa Mombasa: Mnahesabu rafu tu. Sheria za kanisa ziko 262.9, ndani ya dini. Sheria ya Kiislamu iko 340.59, kwenye sheria. Wapo masheikh wanaolalamika kwamba fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, imekatwa vipande, swala na saumu kwenye dini, mirathi kwenye sheria. Mimi nasimama Mahakama ya Kadhi, na kwangu hapo wamepatia. Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaipa mahakama hiyo mashauri ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu baina ya Waislamu. Kitabu cha mirathi kikihamishiwa kwenye dini kwa jina la heshima, wakili kijana hatakiona. Kiacheni kilipo.

Mjukuu wa Mganga: Na sisi wa 299.6 anatusemea nani? Pendekezo la mleta mada likipita, Uislamu unapanda, Ukristo unakwenda 298, sisi tunabaki pale pale. Tena afadhali tungekuwa pale kweli! Kitabu kuhusu matambiko utakikuta 390 na mila za harusi. Visa vya mizimu viko 398 na ngano za sungura. Kikitajwa kilinge tu, basi ni 133, pamoja na unajimu na uchawi. Mwanafunzi anayetafuta dini ya babu zake kwenye 200 atatoka akiamini hawakuwa na dini.

Hapo msimsingizie Dewey, amekufa tangu 1931. 299.6 ipo. Aliyeshika kitabu akaamua kwamba tambiko si dini ni mkutubi wa hapa hapa, mwenye shahada ya hapa hapa.

Mkutubi: Dada, mengine ni ya kweli, lakini kitabu kinachofundisha kupiga ramli siwezi kukiita dini kwa sababu kimeandikwa na Mwafrika.

Mjukuu wa Mganga: Sijasema ramli, kaka. Nimesema tambiko. Kitabu cha Mkristo kuhusu kuombea wafu unakiweka wapi?

Mleta mada: Basi wakuu, tuanze na hilo, kwani halihitaji ruhusa wala kubandua lebo za maktaba nzima. Mkutubi, ukipata nafasi tupitie 133 na 390 tuone vingapi vinapaswa kwenda 299.6. La Uislamu sijaliacha, nasubiri mtu wa Zanzibar aje aseme.