Bushi za poliyurethani kwenye Land Cruiser 80: gari limekuwa gumu na usukani haurudi

Mkaazi wa Kihesa (Iringa)

Ndugu zangu, salaam. Nina Toyota Land Cruiser ya mwaka 1994, ile ya mfululizo wa 80 yenye injini ya 1HZ, ambayo tuliiinua kwa springi ndefu za milimita 50. Bushi (vizibo laini vya kwenye maungio) za mikono ya mbele, yaani vyuma vinavyounganisha ekseli na chesi, zilikuwa zimepasuka kiasi cha kuingiza bisibisi, nikaona badala ya kurudishia za mpira ninunue seti ya poliyurethani (plastiki ngumu kuliko mpira) ambayo tundu lake haliko katikati, kwa kuwa muuzaji alieleza kwamba itarudisha pia kasta (mwinamo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao tairi la mbele hugeukia, ndio unaofanya usukani urudi wenyewe) iliyopotea gari lilipoinuliwa.

Shida ilianza siku ya kufunga. Mkono wenye bushi mpya ulikataa kuingia kwenye braketi ya ekseli, kwani slivu ya chuma (bomba la ndani ya bushi linalopitisha boluti) ilizidi nafasi iliyopo kwa kama milimita 2. Fundi akaisaga pande zote mbili kwa grainda mpaka mkono ukaingia, tena kwa kusukumwa na nyundo. Tangu hapo gari linalia kama kitanda cha kamba kila linapovuka tuta, mbele pamekuwa pagumu mno kwenye barabara ya vumbi ya Idodi yenye mawimbi kama bati, na linalonitia hofu zaidi ni kwamba nikimaliza kona usukani haurudi wenyewe, hadi niurudishe kwa mkono. Alaimenti imepimwa na tou (jinsi matairi ya mbele yanavyoelekeana kwa ndani au nje) iko sawa. Je, bushi hizi hazifai, au zimefungwa vibaya?

Spana Kumi na Saba (Tanga)

Pole, mkuu. Nitaanza na slivu, maana hapo ndipo kazi ilipoharibika. Bushi ya mpira ya kiwandani imegandishwa na slivu yake, hivyo mkono unapopanda na kushuka mpira wenyewe ndio unaojinyonga. Ya poliyurethani haikugandishwa. Inazunguka juu ya slivu iliyopakwa grisi. Kwa sababu hiyo slivu hutengenezwa ikiwa ndefu kidogo kuliko bushi, ili boluti ikikazwa braketi iibane slivu na kuiacha bushi huru. Ukiisaga, braketi inabana bushi yenyewe kwa nguvu yote ya boluti, haizunguki tena, inajisugua na kulia. Sidhani kama grisi ya aina yoyote itaondoa mlio huo.

Kabla ya kushika grainda ilipasa kuuliza kwa nini slivu ilizidi. Mara nyingi braketi ya gari la umri huo imejikunja ndani, kwa sababu imekazwa miaka mingi juu ya bushi iliyokwisha, au ina rangi na kutu iliyojijenga, na dawa yake ni kuisafisha na kuifungua taratibu kwa fimbo yenye nyuzi na nati mbili. Naomba kujua jambo moja: ganda la chuma la bushi za zamani lilitolewa kwenye mkono?

Mkaazi wa Kihesa (Iringa)

Halikutolewa. Gereji haikuwa na presi, kwa hiyo mpira ulichomwa kwa tochi ya gesi na ganda likabaki. Karatasi ya maelekezo ilikuwa kwenye boksi, lakini nakiri kwamba hakuna aliyeisoma.

Mama Difu (Nairobi)

Basi umepata jibu la pili. Zipo seti zinazotaka ganda la zamani libaki na zipo zinazotaka litoke. Ukiingiza bushi ya aina ya pili ndani ya ganda, inabanwa na kuvimba pembeni, na mkono unakuwa mpana kuliko braketi hata kama slivu ina kipimo sahihi.

Kuhusu usukani, tafadhali lala chini ya gari utazame matundu. Mkono wa 80 umeshika ekseli kwa boluti mbili, moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake. Gari likiinuliwa, ekseli huzunguka na kuinamisha upande wake wa mbele, na kasta hupungua kwa takriban digrii moja kwa kila milimita 25. Ili kuirudisha, tundu la bushi ya mbele linapaswa kukaa juu ya kitovu cha mkono na la nyuma kukaa chini yake. Zikigeuzwa, bushi zinaondoa hata kasta iliyokuwa imebaki, na kipimo cha tou hakiwezi kukuonyesha hilo.

Nami nina la kuongeza ambalo wauzaji hawalipendi. Katika gari hili, tairi moja la mbele likipanda na lingine likashuka, ekseli nzima inataka kujinyonga kati ya mikono miwili, na kinachoiruhusu ni ulaini wa bushi hizo tu. Ukiweka kitu kigumu pale, umefunga ekseli. Poliyurethani naiweka bila wasiwasi kwenye panhadi (fimbo inayozuia ekseli kwenda kando). Kwenye mikono, hapana.

Mkaazi wa Kihesa (Iringa)

Nimelala chini leo asubuhi. Tundu la mbele liko chini, la nyuma liko juu, pande zote mbili. Nimeamua kutafuta bushi za mpira zenye tundu la pembeni na ganda lake la chuma. Je, mkono uliochomwa kwa gesi bado unafaa?

Spana Kumi na Saba (Tanga)

Ukishatoa ganda, pima tundu la mkono kwa kalipa sehemu tatu. Likiwa bado duara, halina ufa na bushi mpya inaingia kwa presi tu, endelea nao. Ikiingia kwa kusukumwa na vidole tu, tafuta mkono mwingine wa gari. Tena, kwa kuwa hizi ni za mpira, usikaze boluti gari likiwa juu ya jeki. Lishushe likanyage kwa matairi yake, litikise mara kadhaa, kisha ndipo ukaze, la sivyo mpira utaishi umejinyonga na utapasuka mapema.