Tupeane uzoefu: mafua yaliyowahi kukulaza chali wewe au mwanao

Abiria wa Mbagala (mleta mada)
Wakuu, leo asubuhi mvua imeshika, daladala imefungwa madirisha yote, vioo vinatoka jasho. Jamaa nyuma yangu kapiga chafya, nikausikia umande wake shingoni. Wala hakushtuka. Nikakumbuka Machi 2020, siku ile ametangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona Arusha. Wiki hiyo ukikohoa kwenye gari watu wanakuangalia kama mwizi, nilimeza kikohozi kuanzia Mtoni mpaka Kariakoo machozi yananitoka. Leo mtu anakohoa mpaka kofia inadondoka, konda anadai nauli tu. Haya, lini mafua yalikulaza kweli, na ulitumia nini?

Mzee wa Bweni
Kidato cha pili, vitanda vya deka, bweni moja watu kama themanini. Mwenzetu karudi likizo Jumapili anakohoa. Alhamisi nusu ya bweni iko chini. Mimi saa nne nilikuwa darasani nacheka, saa saba mchana siwezi kuinua kijiko cha maharage, mifupa inauma hadi kucha. Ile haikuwa mafua ya kamasi mkuu, ilikuwa influenza, hiyo haikupigii hodi. Matroni akatutibu malaria wote, hakuna aliyetobolewa hata kidole.

Kipusa wa Tandika
Umenikumbusha mbali. Chungu kilikuwa kile kidonge, siyo ugonjwa.

Msee wa Nakuru
Hiyo huku kwetu tunaita homa.

Mzee wa Bweni
Homa ni joto la mwili ndugu yangu. Hayo ni mafua.

Msee wa Nakuru
Joto ni joto. Homa ni homa. Mimi nimekua na hiyo homa, wewe utanifunza?

Mama Wawili
Nilikuwa nasoma tu kimya ila hii ya kuambukizana imenigusa. Mwanangu wa pili alikuwa na miezi mitatu. Dada yake wa chekechea akaja na kamasi, akambusu mdogo wake mdomoni kama kawaida yao. Siku mbili ni mafua tu, nikapewa amoksilini kwenye zahanati. Siku ya tatu usiku mtoto kaanza kukataa ziwa. Ananyonya mara tatu, anaachia, anahema, analia bila sauti. Mama mkwe akammulika kooni kwa tochi ya simu, akasema, "Kilimi hiki, kimeshuka. Alfajiri tunampeleka kwa mzee akakikate." Mume wangu yuko mlangoni, haongei. Nikamvua mtoto kijishati. Kila akivuta pumzi, pale chini ya mbavu panabonyea kwa ndani, na tundu za pua zinatanuka

Mama Wawili
samahani anaamka, narudi

Kipusa wa Tandika
Dada usituache hapo!!

Jogoo la Shamba
Mbona mnaogopa kilimi? Mimi nilikatwa nina miaka minne na niko hapa, sijawahi kulazwa.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Jogoo, wewe uko hapa. Mimi nimempokea mtoto aliyetoka kukatwa, damu haikatiki, na kikohozi chake kiko palepale. Kilimi kila mtu anacho na hakileti kikohozi. Kikohozi mara nyingi kinaletwa na kirusi.

Jogoo la Shamba
Sawa nesi, ila wazee wetu hawakuwa wajinga.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Sijasema wajinga. Nimesema damu.

Fundi Redio
Mimi tiba yangu ni nyungu: mkaratusi, mchaichai, maganda ya malimau, blanketi, dakika kumi. 2020 mtaa mzima ulinuka kama msitu.

Kipusa wa Tandika
Nyungu iliniunguza paja. Korona sikuiona, kovu ninalo.

Mtu wa Maskati
Nyie subirini mtoke Hija. Mwaka niliokwenda, hema zima Mina lilikuwa linakohoa kwa zamu, wa Zanzibar, wa Indonesia, wa Nigeria. Nimerudi nyumbani nikakohoa wiki tatu, na mke wangu naye kakohoa ambaye hata hakwenda.

Msaka Tonge
Azuma vidonge vitatu, kesho uko kazini. Msijisumbue.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Ungepona hata bila hiyo azuma, ndiyo maana unaisifia. Inaua bakteria, kirusi haikigusi.

Mama Wawili
Nimerudi. Nikaweka saa ya simu nikahesabu pumzi zake dakika nzima. 72. Nikahesabu tena nikidhani nimekosea. Sikumuuliza mtu, nikaita bajaji saa tisa ya usiku, mama mkwe ananiita mkaidi mpaka getini. Hospitali wakamfunga kile kidude cha taa nyekundu kwenye dole gumba la mguu, oksijeni ya damu ikasoma asilimia 84. Hata maswali hawakumaliza, wakamuweka oksijeni. Daktari akasema ni bronkiolaitisi, yaani vijia vidogo vya hewa mapafuni vimevimba, na kwa umri huo mara nyingi ni kirusi kinaitwa RSV. Mimi nalia naomba achomwe sindano ya nguvu. Akaniambia, "Mama, sindano ya kuua hiki kirusi sina. Tunamsaidia kupumua na kula mpaka kipite." Siku tano nakamua maziwa kwenye kikombe, yanapitishwa kwenye mpira wa puani. Siku ya nne ndiyo nikasikia analia kwa sauti. Sijawahi kufurahia kelele kama zile.

Kipusa wa Tandika
🙏🙏 Na mama mkwe?

Mama Wawili
Alikuja na uji wangu wa pilipili manga. Kilimi hajakitaja tena.

Mwana wa Kilifi
Pole sana dada. Hilo la dada mtu silo bahati mbaya yako pekee. Huku kwetu watafiti wa KEMRI, ile taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, waliingia majumbani, wakirudi mara mbili kwa wiki kupitisha pamba puani kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Wakaona kitoto kichanga mara nyingi hupata RSV kwa nduguze wakubwa, hasa wanaokwenda shule. Mkubwa kwake ni kamasi tu.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Mama Wawili ulifanya vizuri kuhesabu. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 kwenda juu kwa dakika ni mbio. Miezi miwili hadi mwaka, 50. Mwaka hadi mitano, 40. Ila kifua kikibonyea, au mtoto ameacha kunyonya, usisubiri namba. Akiwa na mafua ya kawaida, matone ya maji ya chumvi puani kabla ya kunyonya yanatosha.

Fundi Redio
Na asali je?

Nesi wa Zamu ya Usiku
Chini ya mwaka, hapana. Wewe lamba.

Jogoo la Shamba
Bibi yangu aliweka kitunguu kwenye soksi.

Msaka Tonge
Soksi ya nani? Maana harufu yenyewe inafukuza kirusi.

Abiria wa Mbagala
Wakuu ni jioni, koo limeanza kuwasha. Yule jamaa wa chafya kaniweza.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Ya asubuhi hayaanzi jioni, huchukua siku moja hadi tatu hivi. Hayo ulipanda nayo.

Msee wa Nakuru
Hiyo ni homa.

Abiria wa Mbagala
Duh. Na nauli za siti ya nyuma zote zimepitia mkononi kwangu.