Vijiko vya mtumba vina alama ya simba, mizani inasema gramu 96. Hesabu ya silva inapigwaje?

Mzee_wa_Buti
Wakuu salama? Niko huku Birmingham, Jumapili alfajiri huwa napitia kile kisoko cha watu wanaouza vitu vyao vya zamani kwenye buti za magari, mara nyingi natafutaga viatu vya watoto na sufuria basi. Jumapili iliyopita kuna bibi mmoja alikuwa na boksi la vijiko vimefubaa vyeusi tii, nikachukua vijiko vya chai sita na kinara cha mshumaa, vyote pauni 8. Kufika home nikasugua kimoja na dawa ya meno, nyuma ya mpini vikatokea vialama vidogo vidogo, simba anatembea, nanga, na herufi moja. Kinara nacho kina simba. Nimeweka kwenye mizani ya jikoni: vijiko gramu 96, kinara gramu 410. Sasa najiuliza, najumlisha 506 nazidisha na bei ya kwenye gugo au kuna kitu sijakijua? Maana hapa nimeshaanza kupigia mahesabu nauli ya Desemba

mtoto_wa_sonara
Mkuu punguza spidi kidogo ya nauli.

Huyo simba anayetembea ndo muhuri wa Waingereza wa sterling, maana yake kwenye kila sehemu 1000, 925 ni silva na zilizobaki mara nyingi ni shaba, wanachanganya kwa sababu silva tupu ni laini inapindika. Nanga ni ofisi ya muhuri ya hapohapo Birmingham, kwa hiyo vijiko vyako havijatembea mbali. Ungekuta kichwa cha chui ni London. Herufi ni ya mwaka, ila lazima utazame na umbo la kibox chake kwenye jedwali, maana herufi zinazunguka zinarudi.

Hesabu: 96 × 0.925 = gramu 88.8 za silva yenyewe. Hapo ndo watu wanapokosea, bei ya silva inatajwa kwa wakia ya masonara ambayo ni gramu 31.1, mizani yako ya jikoni ukiibonyeza wakia inakupa ile ya unga na sukari, gramu 28.35. Kwa hiyo usiiguse hiyo batani, baki na gramu. 88.8 gawa kwa 31.1 unapata wakia 2.85 na ushee. Tuseme wakia ni pauni 30 (namba ya mfano, angalia bei ya siku unayouza) inakuja kama pauni 85. Ukipiga kwa wakia ya jikoni inakuja karibu 94, halafu unaenda dukani unagombana na watu bure. Na hiyo 85 usitegemee kupewa yote, mnunuzi wa chakavu naye anakata chake, pitia maduka matatu ndo uamue.

Kinara sasa. Kigeuze, chini kuna kitambaa cha kijani?

Mzee_wa_Buti
Kipo!! umejuaje

mtoto_wa_sonara
Pole mkuu. Vinara vingi ni ganda jembamba la silva, ndani wamejaza lami au plasta ili kisimame kisianguke, na kitambaa ndo kinafunika hapo chini. Muhuri ni wa kweli kabisa lakini unasema habari za ganda tu, kwa hiyo hiyo 410 yako sehemu kubwa ni mzigo wa ndani. Visu vya mezani ni hivyohivyo, mpini silva, ndani kimejazwa, bamba la kukatia ni chuma, usipime kisu kizima ukajidanganya.

Dada_Chumvini
Kaka acha dawa ya meno!! inakwangua, na vialama vikifutika utamuonyesha nani. Tandika foili kwenye beseni, weka vijiko juu vigusane na foili, soda ya kuokea, maji ya moto. Harufu ya mayai yaliyooza utaisikia, usiogope. Ila kama unauza kwa uzito tu wala usihangaike, weusi haupunguzi bei

kiroboto77
Mimi nililizwa na vijiko vya EPNS, kila herufi wameitia kwenye kibox chake kidogo, kwa mbali unaapa ni muhuri. Kumbe maana yake vimechovywa tu, silva ni utando juu ya nikeli na shaba. Dazeni nzima nilibeba, mnunuzi wa chakavu hata mizani hakuwasha, alitazama akanirudishia mfuko

binti_Kizingo
Mie niko Mombasa, hivyo shilingi za zamani za East Africa zilizo na simba nazo ni sterling? Bibi yangu anazo kwenye mkebe, na riale moja, ile sarafu ya zamani ya Maria Theresa malkia wa Austria, imetiwa kitanzi cha kuvaa shingoni.

mtoto_wa_sonara
@binti_Kizingo hapana dada, yule simba ni picha ya pesa, siyo muhuri. Shilingi za 1921 mpaka 1946 silva yake ni robo tu, sarafu nzima gramu 7.78, kwa hiyo hata gramu 2 za silva hazifiki. Za 1948 kuendelea hazina kitu. Ila hiyo riale ni habari nyingine, gramu 28, 833 kwa 1000, silva tupu gramu 23 na kidogo. Mwaka utaukuta 1780 hata kama imepigwa juzi, ndivyo zinavyotengenezwa zote. Mwambie bibi asimpe sonara yeyote aiyeyushe, aivae.

Mzee_wa_Buti
Nimebandua kitambaa. Lami, imepasuka na imenimwagikia kwenye kapeti, mke wangu ananiangalia tu haongei. Vijiko ndo ameshavipeleka jikoni, anasema kimoja kinakorogea chai yake na hakiuzwi, kwa hiyo jamani hesabu ya vijiko vitano vilivyobaki inakuwaje?

kiroboto77
Pima tena mkuu 😂 havilingani vyote uzito