Naomba ushauri: maegesho ya baiskeli na skuta za umeme za kukodi, Malindi

Salaam aleikum ndugu na wakubwa zangu. Mimi na mwenzangu tunataka kukodisha baiskeli na skuta za umeme hapa Malindi: mtu achukue Silversands, aiache karibu na Mnara wa Vasco da Gama. Leseni ya biashara tumeshaelekezwa. Kilichotukwamisha ni maegesho.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti mamlaka juu ya barabara zake na maegesho, lakini ofisi tuliyoulizia ilitutuma kwingine, na huko tukaambiwa turudi tulikotoka. Sitaki kabisa ziachwe ovyo njiani hadi mzee au mwenye kiti cha magurudumu akose pa kupita. Paris skuta zilizagaa hivyo. 2020 wakabakisha kampuni tatu na kuzitengea maegesho, na bado Aprili 2023 wakaazi walipiga kura ziondoke. Wenye bodaboda na tuktuk tumeshaongea nao, hawana neno mradi tusikalie stendi zao.

Je, kuna sheria ndogo ya Kaunti ya Kilifi (ndiyo yetu hapa Malindi) ya kutengewa maegesho kando ya barabara, au tuombe kibali maalumu? Na skuta isiyo na pedali yahitaji kusajiliwa NTSA (mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani) kama pikipiki?